TAHADHARI: Muuza throto nne "za Blacktop" anayezunguka kwenye magrupu ya magari

Wenye Toyota Levin, Trueno na Carib, na wote mliofunga injini ya 4A-GE ya valvu 20, tafadhali someni hii kabla hamjatuma hela kwa mtu.

Kuna jamaa anatangaza seti za throto bodi nne (milango inayoingiza hewa kwenye injini), kila silinda na yake. Picha ni safi, na bei iko chini kidogo tu ya bei ya soko, kiasi kwamba huwezi kushtuka. Anasema zimetoka Japani, ni za Blacktop (toleo la mwisho la injini hiyo), mdomo wa milimita 45, na ukizifunga unapata nguvu ya farasi 50 za ziada bila kugusa kontroli boksi (kompyuta ya injini). Anataka nusu ya hela mbele. Mzigo unakuja kwa basi ndani ya boksi lililozungushiwa nailoni, na hulifungui mpaka umalizie nusu iliyobaki. Ukishafungua na kulalamika, namba haipatikani tena. Jina lake silitaji kwa sababu anabadilisha majina na laini kila mara. Kariri mwenendo wake, jina liache.

Seti alizouza zimeletwa gereji kwetu na wateja tofauti, na tumezishika kwa mikono. Ni za Silvertop, ile injini ya kwanza ya valvu 20 ya mwaka 1991, ya gari la AE101, ambayo throto zake ni milimita 42. Blacktop yenye 45 ilikuja mwaka 1995 na AE111, ndiyo maana inatafutwa na bei yake iko juu. Huyu anachukua za 42 na kuzipulizia rangi nyeusi ya kopo. Moja tuliikwaruza kwa kucha pembeni ya skrubu za kipepeo (kibati kinachofungua na kufunga hewa), rangi ikabanduka kama ganda la kitunguu. Chini yake kulikuwa na ufa uliojazwa gundi ya chuma na kupigwa msasa. Shafti inayobeba kipepeo ukiishika kwa vidole viwili inacheza juu na chini, na sensa ya throto haipo kabisa. Shafti ikicheza hivyo, hewa inapenya pembeni, mchanganyiko unapungukiwa mafuta, na sailensi (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) inapanda na kushuka hata ufanye setingi kutwa nzima.

Hizo farasi 50 ni uongo mtupu. Toyota wenyewe walipotoka Silvertop kwenda Blacktop walipanua throto, wakapandisha kompresheni kutoka 10.5 hadi 11, wakaacha kipima hewa cha mlango na kuweka sensa ya presha. Kwa kazi yote hiyo, nguvu waliyoitangaza ilitoka 160 kwenda 165. Farasi 5! Mimi throto nne nazipenda mno, ukigusa tu mafuta injini inaitika papo hapo kwa sababu kipepeo kiko karibu na valvu. Lakini faida yake kubwa inakuja ukishabadilisha kemushafti (shafti inayofungua valvu), ukaweka kontroli boksi ya kusetiwa, na throto zote nne zikasawazishwa kwa geji ya vakyumu.

Linaloniuma zaidi ni breki. Anawaambia wateja wazibe pua zote ndogo za vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) kwa mpira "ili injini isipoteze nguvu". Hydrovaki ya breki, ile inayousaidia mguu kukanyaga, inategemea vakyumu hiyo hiyo! Kwenye throto nne inatakiwa ikusanywe kutoka silinda zote kwenye chemba moja, halafu iende hydrovaki kupitia valvu ya njia moja. Gari moja ililetwa kwetu kanyagio la breki likiwa gumu kama limeshikwa na mtu kwa chini, na mwenyewe alikuwa anabebea familia. Huo si utapeli wa hela peke yake, ni roho za watu.

Ukitaka kununua kwa mtu yeyote mtandaoni, mwambie apige video akiwa ameweka kalipa ya kupimia upana kwenye mdomo wa throto na namba inasomeka, kisha aitikise shafti mbele ya kamera, kisha apime sensa kwa malitimita (mita ya umeme) huku akifungua kipepeo taratibu. Namba inatakiwa ipande bila kuruka. Muuzaji wa kweli haoni shida. Na hela ilipwe boksi likiwa wazi, fundi wako akiwa pembeni.

Uliyekwisha kununua, usiifunge seti hiyo. Kama iko kwenye gari tayari, anza na breki leo, mengine baadaye. Msifute meseji wala risiti za miamala. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 ipo, na namba ya tapeli inapokelewa bure kwenye 15040. Tulio Dar tunataka kwenda polisi pamoja na ushahidi wa kila mmoja, kwa hiyo aliyeuziwa na huyu mtu aandike hapa chini ni lini na alitumiwa mzigo kutoka mkoa gani.