Kozi ya bure ya saikolojia ya Yale: je, inamfaa anayetaka kuifanya kazi?

Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani kimeweka mtandaoni mihadhara 20 ya utangulizi wa saikolojia, iliyorekodiwa mwaka 2007 Profesa Paul Bloom akiwa darasani. Hulipi kitu, hujisajili, na cheti hupati. Kwa anayepiga hesabu kabla ya kutoa ada ya chuo, kozi hii inapima vizuri udadisi wake. Kazi yenyewe haiipimi.

Kila mhadhara una video, sauti na maandishi yake ya Kiingereza. Bando likiwa dogo, chukua sauti na maandishi, maana Bloom ana mizaha mingi ya Kimarekani ambayo ukiisoma ndipo unaidaka. Kitabu cha kiada ni cha kununua, lakini mihadhara inaeleweka bila hicho.

Huenda ukavutiwa kuanza na wa 3, kuhusu Freud na nadharia yake ya akili isiyojitambua, na wa 4, kuhusu Skinner aliyeeleza tabia kwa tuzo na adhabu. Ni mitamu kweli, ila isikuamulie maisha. Nenda wa 13, unaohusu tofauti kati ya watu: vipimo vya akili na haiba, kipimo kuaminika na kupima kile kinachodai kupima, na urithi. Hapo ndipo wanafunzi huteleza. Wakisikia sifa fulani inarithiwa kwa asilimia 50, hudhani nusu ya sifa hiyo ndani ya mtu mmoja imetoka kwa wazazi. Sivyo. Asilimia hiyo inaeleza tofauti baina ya watu wa kundi fulani katika mazingira fulani. Panda mbegu mchanganyiko za mahindi katika shamba moja lenye rutuba sawa kila mahali, na tofauti za urefu zitatokana na mbegu. Shamba la pili lenye mbegu zilezile likikosa mbolea, mahindi yake yote yatadumaa, na pengo kati ya mashamba hayo mawili halitakuwa la mbegu hata kidogo. Ukiona hoja ya namna hii inakuchosha, fikiri tena, kwa sababu shahada ya saikolojia imejaa takwimu na mbinu za utafiti, vitu ambavyo kozi hii inavigusa juu juu tu.

Umri wake nao unaonekana. Mhadhara wa 18, wa mgeni Susan Nolen-Hoeksema kuhusu sonona (huzuni nzito isiyoisha) na baipola (hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), ni mzuri sana, lakini unafuata mwongozo wa Kimarekani wa kutambua magonjwa ya akili uliobadilishwa mwaka 2013. Wa zamani ulizuia, kwa kawaida, kumpa mfiwa jina la sonona ndani ya miezi miwili ya msiba. Mpya umeondoa kizuizi hicho. Mihadhara ya saikolojia ya jamii isikilize kwa tahadhari zaidi: mwaka 2015 watafiti walichapisha marudio ya tafiti 100 za saikolojia, na ni takriban asilimia 36 tu zilizotoa tena matokeo ya kuaminika kitakwimu.

Kinachokosekana kabisa ni mteja. Humwoni mtu akihojiwa, faili likiandikwa, wala msimamizi akikukosoa. Na shahada ya kwanza peke yake huenda isikufikishe mbali: Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014 inayodai usajili na leseni, na kwa saikolojia ya tiba jiandae kwa uzamili, kama ule wa chuo cha Muhimbili, Tanzania. Anayetaka kuandika dawa aelekee udaktari kwanza, kisha ubingwa wa magonjwa ya akili.