Samaki mgebuka wa mawese pale Uvinza, ushuke kwenye basi ule

Mi njia ya Tabora Kigoma naipiga sana ila Uvinza nilikuaga napita tu, najua ni mji wa chumvi basi imeisha hiyo. Juzi basi letu likapasua tairi karibu na pale, konda akasema mkale kwanza, nikaingia kihoteli cha mama mmoja, mabati na benchi mbili, hata bango hana.

Aisee. Mgebuka ulikaangwa ukakauka kidogo ndo ukatiwa kwenye mawese na nyanya na bamia, ugali wa muhogo pembeni, elfu nne tu. Na chumvi haiji kwenye kichupa, mama kaiweka kwenye kisahani, mawe mawe, unaponda kwa vidole mwenyewe. Nikamuuliza mama hii mnaitoa kiwandani? Akacheka, "mwanangu, sisi chumvi tunaikanyaga."

Na kweli. Mto Ruchugi unaingia Malagarasi hapohapo, na kwenye hilo bonde kuna chemchemi za maji ya chumvi, sio chumvi ya bahari hii. Zamani watu walikua wanakuja kiangazi mito ikipungua, wanachota yale maji wanachemsha kwenye vyungu kwa kuni mpaka inabaki chumvi, machifu wa Kivinza wanakata chao, halafu inabebwa mpaka Unyamwezi. Miaka ya 60 wataalamu walichimba wakakuta mabaki ya kazi hiyo ya zaidi ya miaka 1,000, yani Mjerumani anakuja kuweka kiwanda, kabla hata reli haijafika Kigoma 1914, wenzake washapika chumvi mpaka wamechoka. Ukiangalia vilima vya kule unajiuliza kuni zilizoungua hapo ni misitu mingapi.

Sasa kasoro. Choo msiniulize. Maji ya kunawa ni kopo moja watu kumi, na ukija saa nane umekuta mgebuka umeisha unapewa maharage, jamaa nliyekaa naye siti moja yalimkuta hayo akanuna mpaka Kidahwe. Huduma pia taratibu, mama anapika peke yake na mtoto wake ndo anagawa sahani, usimpigie kelele.

Msosi nampa 9 kwa 10. Mi nimebeba na kilo mbili za ile ya mawe, wife kaonja kwenye mchicha kasema nikipita tena nisirudi bila mfuko.