Rangi ya kopo "ya kila kitu": iliponifaa na iliponiumbua

Nilinunua makopo manne ya rangi ya kupuliza, ya mililita 400 kila moja, kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa ubavuni: chuma, mbao, plastiki, mpira. Uani nina matairi sita niliyoyageuza vyungu vya maua, viti vitatu vya plastiki vilivyopauka na geti dogo la chuma. Nikajisemea, Jumamosi moja tu, kazi imekwisha.

Nianze na matairi, maana ndiyo yaliyonichokoza niandike. Niliyaosha kwa sabuni ya unga, nikayaanika yakakauka, nikapuliza nyeupe mikono miwili. Jioni yalipendeza, hadi jirani akaja kuuliza bei ya rangi. Kesho yake asubuhi nikagusa: yananata. Siku ya nne, bado yananata. Mtoto wa dada yangu akakalia moja akisubiri basi la shule, akainuka na duara jeupe kwenye kaptula ya bluu. Dada mpaka leo ananidai kaptula. Wiki mbili baadaye ule weupe ukaanza kuingia madoa ya rangi ya chai ya maziwa, na kila nilipokamata tairi kulisogeza, rangi ilipasuka mistari mistari palepale lilipopinda.

Nilidhani nimeuziwa feki. Fundi rangi wa mtaani kwetu alipopita akacheka. "Dada, hilo tairi linatoka jasho. Umepaka juu ya jasho."

Jasho lenyewe ni hivi: kiwandani mpira wa tairi huchanganywa na mafuta, nta na dawa za kuuzuia usichanike kwa jua na ozoni iliyomo hewani. Vitu hivyo havitulii. Vinapanda kutoka ndani kuja juu, polepole, miaka na miaka, na dawa hizo ndizo zinazoacha ule ukahawia. Kwa gari ni jambo jema. Kwa mpaka rangi ni kama kupaka sufuria ambayo haijaoshwa mafuta, kisha kesho mafuta yanakuja tena. Juu ya hayo mpira unapinda, na rangi ikikauka ikawa ngumu kama ganda la yai, haina namna ila kupasuka.

Akanituma nikanunue rangi ya maji ya ukutani, ile ya nje. Nilibisha, maana nilijua rangi ya mafuta ndiyo ngumu. Kumbe ugumu ndio ubaya wenyewe. Hii ya maji ikikauka inabaki na mnyumbuko kidogo. Nikakwangua matairi yote kwa brashi ya waya, nikayaosha kwa sabuni ya vyombo, yalipokauka nikapiga msasa namba 120, kisha nikafuta kwa kitambaa cheupe chenye spiriti. Usisubiri kitambaa kitoke cheupe, utazeeka hapo. Kikitoka kijivu badala ya cheusi, inatosha. Mikono mitatu, myembamba, kila mmoja ukauke kwanza. Na safari hii sikurudia nyeupe. Nilichagua rangi ya matofali, ili hata jasho likija lisionekane. Ni mwezi wa saba sasa tangu nipake, jua na mvua vimepita, na palipochubuka ni pale tu nilipogonga kwa jembe.

Viti navyo vina kisa chake. Kile cha kwanza kilikauka vizuri, hakinati, nikafurahi. Ili nijue kama rangi imeshika, nikachora vimiraba kwa wembe, nikabandika selotepu, nikaivuta: rangi ikaja nzima nzima kama ngozi aliyojivua nyoka. Geuza kiti chako uangalie chini ya kalio. Ukikuta pembetatu yenye namba 5 na herufi PP, hiyo ni polipropilini, plastiki ambayo rangi nyingi hazina pa kuishika. Bampa nyingi za magari zina plastiki hiyohiyo, kwa hiyo wanaoijua ni watu wa gereji. Wana praima yake maalumu inayotangulia rangi. Niliwapelekea kiti kimoja, wakakifanya, na selotepu haikung'oa kitu. Ila kwa pesa niliyolipa ningeongeza kidogo nikanunua kiti kipya, kwa hiyo viwili vilivyobaki nimeviacha na upauko wao.

Geti? Hapo kopo sina ugomvi nalo. Nilipiga msasa kutu, nikafuta vumbi, nikapuliza. Limeshika, linang'aa, halijafanya michirizi. Kama lako ni la bati jipya la zinki usinifuate, na wala usikimbilie rangi ya mafuta bila praima yake. Zinki hukorofishana na mafuta yaliyomo kwenye rangi, kunazaliwa kitu kama sabuni katikati, na baada ya miezi rangi inajikunja yenyewe kama karatasi.

Nalipa kopo hili nyota mbili kati ya tano, zote mbili za geti. Lingeandikwa "chuma na mbao" tu ningelipa nne bila kinyongo, maana bomba lake halizibi na rangi inatoka sawasawa mpaka tone la mwisho. Kopo moja bado halijafunguliwa. Nimeliweka kwa ajili ya nondo za madirisha, nikishamaliza kulipa kaptula.