Kinu cha mawese: mafuta safi, ila "mbolea ya bure" yao hapana

Wadau wa Kigoma mnaoulizia pa kukamulia chikichi, kuna kinu huku vijijini nakitumia, jina naliacha. Kukamua wanajua aisee. Chikichi ya Tenera (ile mbegu chotara) inatoa mafuta mengi mekundu, hukuti maji chini ya dumu, ukiwahi asubuhi hakuna foleni na mashudu yako unaondoka nayo. Hapo nawapa tano.

Tatizo ni yale maji. Wakishachemsha na kuengua mafuta linabaki tope la kahawia linanuka uchachu, hilo ndo wanagawa eti mbolea, unaletewa na guta mapipa kwa mapipa mpaka shambani. Potashiamu kweli imo sikatai. Ila mi nina maharage, na upande waliomwaga yakawa ya njano wakati kwingine kijani kibichi, nikang'oa shina huku na shina kule nikaangalia mizizi. Pasipomwagwa kitu vinundu vimejaa, ukikipasua kwa kucha ndani pinki, yaani bakteria wako kazini wanavuta naitrojeni ya hewani wanaulisha mmea. Kwenye tope vinundu vichache, vidogo, ndani vyeupe, na udongo juu umeweka utando wa mafuta, maji yanateleza hayazami.

Na haishangazi, maana maji ya mawese yakitoka tu kwenye kinu ni asidi, pH 4 hadi 5 hivi (pH ni kipimo cha asidi, chini ya 7 ndo asidi, na ikizidi kushuka asidi inazidi). Rizobia wa maharage, yaani hao bakteria wa kwenye vinundu, asidi kali inawadhoofisha, na hawa azotobakta, bakteria wengine wanaovuta naitrojeni ila wanajiishia tu udongoni, ndo kabisa, pH ikishuka chini ya 6 wanalegea. Juu ya hapo mafuta yanaziba hewa, na ule uchafu kuoza kwake unakula oksijeni balaa, BOD, yaani kipimo cha oksijeni inayoliwa uchafu ukioza, inafika miligramu 25,000 kwa lita wakati maji taka ya majumbani ni mia chache tu. Halafu vijidudu vinavyoozesha navyo vinataka naitrojeni, vinakomba ileile kidogo iliyopo, kwa hiyo maharage yanakosa huku na huku.

Kilichonichosha zaidi ni dogo wa guta, namuuliza haya maji yamekaa siku ngapi ananijibu kwa kujisifu "ni ya leo leo hii mama". Sasa ya leo ndo mabaya yenyewe! Malaysia viwanda vinayapitisha kwenye mabwawa wiki kibao, yaoze, asidi ishuke, ndo yaende kokote. Hawa hata shimo hawana, na eneo lipo kubwa tu nyuma ya kinu. Wangeyalaza huko kisha wawape wenye michikichi mikubwa, kidogo kidogo, tusingegombana.

Jumla nyota tatu. Kukamua nendeni, guta likatalieni kama una maharage, karanga au soya. Na bebeni madumu yenu, ya pale wanauza bei juu.