Mazoezi tiba ya mapafu: uzoefu wangu baada ya kumaliza programu

Nina COPD, ule ugonjwa sugu unaobana njia za hewa, na nimemaliza programu ya mazoezi tiba niliyopewa rufaa na daktari. Naipa nyota 4 kati ya 5. Ukipata nafasi nenda, ila usiende ukitarajia mapafu mapya.

Nianze na hilo la mapafu, maana kwenye kundi letu lilileta manung'uniko. Kipimo changu cha kupuliza kilisoma karibu vilevile mwanzoni na mwishoni. Mwenzetu mmoja alipoona chake hakijasogea alikasirika, akadai tumepotezewa muda. Lakini mazoezi haya hayafungui njia za hewa zilizokwisha kuharibika. Yanacholenga ni msuli, na hasa msuli wa paja. Ukiishiwa pumzi unapotembea, unapunguza kutembea. Ukipunguza, misuli inanywea, na msuli ulionywea huchoka upesi na kudai hewa nyingi zaidi kwa kazi ileile, kwa hiyo unazidi kukaa. Ongeza vidonge vya steroidi tunavyopewa ugonjwa unapochachamaa, ambavyo vikirudiwarudiwa navyo hudhoofisha misuli. Siku ya vipimo mfiziotherapia, yaani mtaalamu wa mazoezi tiba, aliniambia, "Mzee, miguu yako inachoka kabla ya mapafu." Nilidhani ananitania.

Vipimo vyenyewe ni rahisi. Unatembea dakika 6 kwa kasi unayoiweza, wanahesabu mita. Unajaza dodoso la CAT, linalopima jinsi COPD inavyokuathiri, lenye maswali 8, alama kuanzia 0 hadi 40, na kadiri zinavyopanda ndivyo hali ilivyo mbaya. Kilichoniumbua ni kile cha kiti: unakunja mikono kifuani, unasimama na kukaa mfululizo kwa sekunde 30. Hapo ndipo nilipomwelewa yule mfiziotherapia.

Mazoezi hufanywa mara mbili au tatu kwa wiki, na programu nyingi za aina hii huchukua wiki 6 hadi 12. Kwanza kutembea au baiskeli isiyosogea, kisha nguvu: mikanda ya mpira, vyuma vidogo vya mkononi, kusimama kitini, kupanda kingazi kimoja na kushuka. Oksimita, kifaa cha kupima oksijeni kwenye damu, inabaki kidoleni, na kila mara unaulizwa kiwango cha kuhema kwa kipimo cha Borg, 0 hadi 10. Walitaka tufike kati ya 4 na 6. Kwa mtu aliyezoea kusimama mara tu pumzi zinapoanza kupanda, kuambiwa "endelea, hapo ndipo tunapopataka" kunatisha, na nadhani wengine huacha katika hatua hii. Kilichonisaidia ni kufundishwa kutoa pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa, tena kuitoa wakati wa kutumia nguvu: unaposimama, si unapokaa.

Sikutarajia kwamba mazoezi ya mikono ndiyo yangenifaa kuliko yote. Wenye ugonjwa huu wanajua: kuinua mikono juu ya kichwa kunakata pumzi kuliko kutembea. Kuanika nguo, kuchana nywele, kupandisha kitu kabatini. Sasa ninaanika bila kukalia ndoo katikati ya kazi. Ninaoga nikiwa nimesimama. Ninainuka chooni bila kutafuta pa kushika, jambo ambalo watu hawalitaji lakini kwangu lina thamani kuliko mita zozote za ukumbini. Mita nazo ziliongezeka zaidi ya 30, kiasi ambacho wataalamu hukihesabu kuwa badiliko la maana, na alama zangu za CAT zilishuka.

Sasa yale yaliyonipunguzia nyota. Vipindi vyote ni asubuhi na mapema, saa ambazo wengi wetu tuko na kikohozi na makohozi hayajatoka. Aliyepanga ratiba hiyo hana ugonjwa huu. Baadhi ya mikanda ilikuwa na nyufa. Mkanda wa namna hiyo ukikatika ukiwa umevutwa unaweza kukupiga jichoni, kwa hiyo ukague kabla hujauvuta, na kama mpira wa asili (lateksi) unakuletea mzio, omba usio na lateksi.

Kubwa zaidi ni kwamba siku ya mwisho tulipewa karatasi yenye michoro, tukaagwa. Basi. Faida za mazoezi haya hupungua ndani ya miezi kadhaa mtu asipoendelea, na wao wanalijua hilo vizuri. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawashauri hata wenye maradhi sugu wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki. Sasa nani anakuongezea ugumu ukishazoea mkanda wa kwanza? Simu moja kwa mwezi ingetosha.

Kwa anayefikiria kujiunga: uliza mapema kama kuna ufuatiliaji baada ya programu, na kama oksijeni ipo ukumbini. Kama una dawa ya kuvuta ya kutuliza haraka, nenda nayo kila kipindi. Ukiwa na maumivu ya kifua au ugonjwa umechachamaa, mwone daktari kwanza. Na kama umetoka kulazwa karibuni, usijiondoe kwenye orodha kwa kuona huna nguvu. Mweleze daktari anayekuhudumia, kwa sababu wiki chache baada ya kulazwa ni wakati ambao programu hizi huwa na faida kubwa.