Uzoefu wangu na amri ya net user: inakata majina ya makundi na haisemi

Simshauri mtu yeyote atumie amri ya net user kuthibitisha kwamba mfanyakazi fulani yumo au hayumo katika kundi fulani la kikoa (yaani mtandao wa kompyuta za taasisi unaosimamiwa kwa pamoja, ambamo kundi ndilo humpa mtu ruhusa), na ninasema hivyo nikiwa mmoja wa watu walioitumia kwa miaka mingi na ambao hadi leo wanaitumia karibu kila siku kwa mambo mengine. Wasimamizi wa mitandao ya Windows wanaijua: unafungua dirisha jeusi la amri, unaandika net user, jina la mtumiaji, kisha /domain, na seva ya kikoa inakujibu papo hapo. Haihitaji kusakinishwa wala haihitaji cheo, kwa kuwa mtumiaji yeyote wa kawaida wa kikoa anaweza kuuliza habari za mwenzake. Urahisi huo ndio uliomfanya mama mmoja mhasibu, mtu mzima aliyebakiza muda mfupi kustaafu, aitwe mbele ya wenzake kama mtuhumiwa.

Kilikuwa kipindi cha kufunga mwaka wa fedha, miaka michache iliyopita, katika taasisi moja hapa Tanzania ambako nilikuwa miongoni mwa maafisa TEHAMA. Idara ya fedha ilikuwa na makundi matatu katika Active Directory, daftari la Windows la watumiaji na makundi ya kikoa, ambayo majina yake yalianza kwa namna moja. La kwanza liliitwa Idara_Fedha_Malipo_Kuandaa, kwa ajili ya wanaoandaa hati za malipo. La pili liliitwa Idara_Fedha_Malipo_Kuangalia, kwa wanaoruhusiwa kusoma taarifa. La tatu, Idara_Fedha_Malipo_Kuidhinisha, lilikuwa la wakubwa wachache wenye mamlaka ya kuruhusu fedha zitoke. Ni majina marefu, lakini yanaeleweka hata na mtu asiyejua kompyuta, na mfumo wenyewe unaruhusu jina la kundi kufika herufi 64, kwa hiyo hakuna kanuni yoyote iliyovunjwa.

Mkaguzi wa ndani, kijana aliyekuwa amehamia kwetu si muda mrefu, aliandika amri hiyo kwenye kompyuta yake mwenyewe kwa jina la yule mama, akachapisha jibu kwenye karatasi na kuja nalo kwenye kikao. Chini kabisa ya karatasi, mahali ambapo amri huorodhesha makundi ya mtumiaji mawili mawili kwa kila mstari, kila moja likitanguliwa na alama ya nyota, palikuwa pameandikwa *Idara_Fedha_Malipo_Ku, na pembeni yake, herufi kwa herufi, *Idara_Fedha_Malipo_Ku tena. Hapakuwa na nukta tatu za kuonyesha kwamba jina linaendelea, hapakuwa na onyo, wala hapakuwa na nafasi tupu ya kumfanya msomaji ajiulize. Mkaguzi alikuwa na orodha ya makundi yote matatu mkononi, akapiga hesabu yake: anayeandaa hati tayari anaziona, hivyo kundi la pili haliwezi kuwa la kuangalia, basi ni la kuidhinisha. Kwa maana hiyo mama huyu alikuwa anaandaa malipo na kujiidhinishia mwenyewe, jambo ambalo katika ofisi yoyote ya fedha ni kosa kubwa.

"Mama, kompyuta haisemi uongo," alimwambia, akiwa ameweka kidole juu ya karatasi.

Yule mama alivua miwani yake taratibu. "Mwanangu, mimi tangu niajiriwe sijawahi kuidhinisha hata shilingi ya chai," alijibu, kisha akanigeukia mimi na kuniomba nimweleze mkaguzi.

Nilimwambia mkaguzi kwa heshima zote kwamba tuone kwanza jina zima la kila kundi kabla hajaandika hoja ya ukaguzi. Alinijibu kwamba jina ni hilo lililoandikwa, na kwamba sisi watu wa TEHAMA tuna kawaida ya kulindana na watumiaji wetu. Maneno hayo bado yananiuma, kwa sababu yalisemwa na mtu aliyeiamini karatasi kuliko aliowaona mbele yake, na karatasi yenyewe ilikuwa imekatwa.

Tulimpeleka yule mama mezani kwake, akaingia kwa nenosiri lake mwenyewe, nikamwomba aandike whoami /groups. Amri hiyo huonyesha makundi yote yaliyomo kwenye kibali alichopewa mtumiaji alipoingia, pamoja na yale anayoyapata kwa kupitia makundi mengine, na huyaandika majina kwa ukamilifu. Kuandaa lilikuwepo, Kuangalia lilikuwepo, Kuidhinisha halikuwepo popote. Mkaguzi akasema hiyo ni kompyuta ya mtuhumiwa na haiwezi kuwa ushahidi. Ni kweli pia kwamba whoami humjibu aliyeingia peke yake, hivyo huwezi kuitumia kuuliza habari za mtu mwingine ukiwa mezani kwako.

Nikaandika net group "Idara_Fedha_Malipo_Kuidhinisha" /domain, ambayo huorodhesha wanachama wa kundi, na jina la mama halikutokea. Hapo ningeweza kunyamaza na kudai ushindi, lakini sikutaka kumtetea mtu kwa ushahidi mbovu kama ule uliotumika kumshtaki. Amri ya net group huonyesha watumiaji walioingizwa moja kwa moja tu; kama ndani ya kundi hilo kuna kundi jingine, na mtu yumo katika hilo la ndani, hutamwona. Hata unapouliza kundi zito kama Domain Admins, lenye funguo za kikoa kizima, unaweza kuonyeshwa watu wachache na kulala usingizi mzuri, kumbe kundi zima la mafundi limepachikwa ndani yake na halikutajwa. Nimewahi kusikia watu wazima wakitoa taarifa ya usalama wa mtandao wao kwa kutegemea orodha ya namna hiyo, na kila ninaposikia hivyo najiuliza ni nani alipaswa kuwaonya.

Shauri liliisha tulipokwenda kwenye seva na kuandika dsquery user -samid pamoja na jina la akaunti yake, kisha kulipeleka jibu kwenye dsget user -memberof -expand. Neno hilo la mwisho huiagiza amri ifuate kila kundi hadi makundi yanayolibeba, ngazi kwa ngazi, mpaka yaishe. Majina yalitoka mazima. Mkaguzi aliyasoma, akaikunja karatasi yake, akasema ataliangalia upya suala hilo. Samahani hakuomba.

Niliporudi ofisini nilikuwa na hasira na yule kijana, lakini kadiri nilivyolifikiria jambo hili ndivyo hasira ilivyohamia kwenye chombo chenyewe. Mkaguzi alisoma kilichoandikwa. Amri ya net ni ya zamani kuliko Active Directory, iliyokuja na Windows 2000. Ina asili yake katika mitandao ya miaka ya 1980, enzi za majina mafupi, na safu zake kwenye skrini zilipimwa kwa majina ya aina hiyo. Katika safu ya makundi hukata kila jina linapofika herufi 21. Sihitaji mfano wa idara yetu kulithibitisha hilo, kwa sababu hata makundi yanayozaliwa na mfumo wenyewe hayasalimiki: katika kikoa kipya kabisa, ukiuliza akaunti ya Administrator, kundi la Group Policy Creator Owners huandikwa Group Policy Creator. Jina limekatwa mahali ambapo linasomeka kama jina kamili, na asiyejua atakwenda kulitafuta kundi ambalo halipo.

Kukata peke yake kusingenikasirisha hivi. Kila chombo cha kuuliza habari za kikoa kina mahali kinapogota. Hiyo dsquery niliyoisifu hurudisha majibu 100 tu usipoielekeza vingine, lakini ikifika hapo inakuambia waziwazi kwamba imefikia kikomo na kwamba utumie -limit ukitaka zaidi. Ukiandika -limit 0 unaletewa yote. Get-ADGroupMember, amri ya kuorodhesha wanachama wa kundi katika PowerShell (dirisha jipya zaidi la amri la Windows), ambayo kwa mpangilio wa kawaida hugomea kundi lenye wanachama zaidi ya 5000, hutoa kosa kwa maandishi mekundu na kukataa kuendelea. Vyote viwili vinakuudhi, vinakuchelewesha, lakini hakuna anayeweza kutoka hapo na karatasi nusu akidhani ni nzima. Amri ya net user inakupa nusu kwa sura ya nzima, na ndiyo maana nasema haifai kabisa.

Hata hivyo itakuwa dhuluma kusema haifai kabisa, nami nalirudisha neno hilo. Nimewahi kukaa katika kituo chetu kimoja cha mkoani, mtandao ukisuasua, kwenye kompyuta isiyo na zana zozote za usimamizi, na mtumishi amesimama nyuma yangu hawezi kuingia kwenye akaunti yake huku foleni ya wananchi ikimsubiri. Vyombo vyote nilivyovisifu hapo juu havikuwepo: dsquery na moduli ya Active Directory ya PowerShell ni vitu vya kusakinisha, na kwa mtandao ule nisingesakinisha chochote. Net user ilinijibu kwa sekunde chache. Kwenye mstari wa hali ya akaunti iliandika Locked, na chini yake nikaona nenosiri lilibadilishwa lini, linaisha lini, na mtumishi anaruhusiwa kuingia saa zipi. Nikampigia mwenzangu makao makuu, akaunti ikafunguliwa, foleni ikaenda. Kwa kazi ya namna hiyo sijaona cha kuishinda.

Lakini nikiisifu hivyo nakumbuka mstari mwingine wa jibu lilelile, ule unaosema mtumiaji aliingia mara ya mwisho lini. Kikoa chenye seva zaidi ya moja hakishirikishi tarehe hiyo kati ya seva zake. Kila seva hukumbuka yale iliyoyashuhudia yenyewe. Seva ya makao makuu ikikujibu, inaweza kukuambia kwamba mtumishi wa mkoani hajaingia kwa miezi mingi, ilhali asubuhi ya leo ameingia kwa kupitia seva ya huko huko mkoani. Akaunti za watu walio kazini zimewahi kufungwa kwa kisingizio cha mstari huo, na hapo tena hakuna neno hata moja la kumtahadharisha msomaji. Naona basi kwamba sifa zangu zinapungua kila ninapoendelea kuandika.

Msimamo wangu wa sasa, kwa mtu anayeuliza, ni huu: itumie kujua kama akaunti imefungwa au nenosiri limekwisha muda, na ukifika sehemu ya makundi, acha kusoma. Makundi yaulize kwa dsget yenye -expand, au kwa Get-ADGroupMember yenye -Recursive. Ukitumia Get-ADUser na kusoma sifa ya MemberOf, jua kwamba kundi la msingi la mtumiaji, ambalo kwa kawaida ni Domain Users, halimo katika orodha hiyo. Mkaguzi akikuletea jibu la net user lililochapishwa, mwombe kwa upole mrudie swali pamoja kwa chombo kingine kabla ya mtu yeyote kuitwa kwenye kikao.

Lililonikera zaidi lilikuja baadaye. Badala ya kuwazuia wakaguzi wasitumie orodha zile, uongozi ulituelekeza sisi tubadilishe majina ya makundi ili yatofautiane ndani ya herufi 21 za mwanzo. Nilipinga kikaoni na kwa maandishi, nikieleza kwamba tunainamisha nyumba nzima ifuate mlango mbovu. Nilishindwa. Tukayabadilisha, neno la kitendo likatangulia: Kuandaa_Malipo_Fedha, Kuangalia_Malipo_Fedha, Kuidhinisha_Malipo_Fedha. Ruhusa hazikuyumba, kwa kuwa Windows hulitambua kundi kwa namba yake ya ndani wala si kwa jina, ingawa skripti kadhaa zilizokuwa zimeandikwa majina ya zamani ilibidi zirekebishwe. Majina mawili ya mwisho bado hukatwa mkiani, yakasomeka Kuangalia_Malipo_Fedh na Kuidhinisha_Malipo_Fe, lakini sasa hakuna anayeweza kuyachanganya. Nakiri kwamba mpangilio huo unasomeka vizuri kuliko wa kwanza, na makundi yote mapya nayaita kwa utaratibu huo huo. Bado nashikilia kwamba halikuwa jukumu letu kubadilika, na bado nasubiri yule mama aombwe radhi.