Gauni la manjano, kanzu ya mume wangu na yule binti wa kaunta (duka la nguo "endelevu", Tanga)

Nilishasema siandiki, mume wangu mwenyewe kasema achana nayo yashapita, lakini kila nikiiona ile kanzu kwenye kamba moyo unanichemka upya. Basi wacha niandike nipumue.

Kuna duka hapa kwetu Tanga, jina silitaji maana sitaki maneno, wanauza nguo wanazoziita endelevu na zenye maadili. Ukiingia ndani kunanukia mchaichai, nguo zimetundikwa chache chache utadhani ziko makumbusho, na ukutani kuna bango linauliza NANI AMESHONA NGUO YAKO. Lile bango ndo lilinimaliza. Mie ile habari ya Rana Plaza kule Bangladesh 2013 haijawahi kunitoka, jengo lina nyufa watu wameziona jana yake, asubuhi wanaambiwa ingieni kazini, likaporomoka wakafa zaidi ya watu 1,100, wengi wao wanawake kama mie wanashona mashati ya watu wa mbali. Nikasema na mie kwa mara moja ninunue nguo ambayo hakuna aliyeumia kwa ajili yake.

Nikachukua gauni, shilingi 85,000. Ndiyo, elfu themanini na tano, nacheka mwenyewe nikiandika. Binti wa kaunta akanipa somo zima, pamba ya kilimo hai kutoka Simiyu, imeshonwa na mama wa hapa hapa Tanga na jina lake liko kwenye lebo, na rangi haina kemikali, imetoka kwenye manjano na maganda ya vitunguu. Manjano haya haya ya jikoni. Ilipaswa nishtuke hapo hapo lakini kiyoyozi kilikuwa kinanipuliza vizuri.

(Pembeni kulikuwa na vikapu vya mkonge, akaniambia eti "zao la asili la Tanga". Nikamuacha tu. Babu yangu kaukata huo mkonge mpaka mikono ikawa kama gome, na kila mtoto wa huku anajua mkonge aliuleta Mjerumani Hindorf 1893, umetoka Florida, miche 62 tu ndo iliyofika hai. Asili gani!)

Haya. Kabla ya Idi ya kuchinja, siku mbili tatu hivi, nikafua. Najua mnachotaka kusema. Ndiyo nililoweka pamoja na kanzu ya mume wangu, ile nyeupe ya Idi. Narudi kwenye beseni maji yamekuwa mchuzi wa kuku. Kanzu ina mabaka ya njano kifuani na begani. Nikachukua sabuni ya mche nikaanza kusugua, sasa hapo ndo kiama, kadiri ninavyosugua ile njano inageuka nyekundu, wallahi nyekundu kabisa, kanzu ikawa kama mtu katoka kuchinja na Idi yenyewe bado. Nikapiga ukelele mpaka jirani akaja mbio akijua kuna mtoto kaungua.

Nikapanda bajaji, gauni lenyewe na kanzu iliyolowa vyote kwenye mfuko, moja kwa moja dukani. Hata hela sikwenda kudai, niseme ukweli, nilitaka tu mtu aniambie pole. Binti yule yule. Nimemsalimia vizuri, nikamuonyesha, hata hajaishika. Kaangalia kwa ncha ya jicho akasema, "Mama, hukusoma lebo? Nguo za asili zinataka uelewa. Hizi zina wateja wake."

Zina wateja wake!!

Yani mie niliyelipa elfu themanini na tano siyo mteja, mteja ni nani, mpaka nishuke na meli? Nikaitoa lebo nikasoma. Kweli imeandikwa ifuliwe peke yake maji ya baridi, kwa Kiingereza, herufi ndogo kama mayai ya chawa, chini ya picha ya jani. Na kwenye hilo jani hakuna alama yoyote ya kuthibitisha hiyo pamba ya kilimo hai. Wale wa GOTS, wanaothibitisha nguo za kilimo hai, mpaka wakuruhusu uandike neno hilo kamili wanataka nyuzi za kilimo hai zisipungue asilimia 95, hawa wamechora jani tu basi. Nikamuuliza, akasema "bosi ndo anajua".

Na uelewa anaousema ni upi? Kwetu kanga ikichakaa inakuwa mbeleko, mbeleko ikichoka inakuwa pazia la jikoni, pazia likiisha ni dekio. Nguo zangu nyingi za gulioni, blauzi elfu tatu navaa miaka minne. Leo mtu aliyezaliwa juzi ananifundisha kutunza nguo.

Nikatoka pale nimeshajiapiza kwamba hata hiyo pamba ni uongo, ni poliesta tu. Nikapita Ngamiani kwa fundi wangu mmoja mzee, shikamoo, marahaba, nikamwaga yote. Hakusema kitu. Kachomoa uzi mmoja kwenye pindo, kawasha kiberiti. Poliesta ingejikunja ikayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, kila fundi anajua. Ule uzi uliwaka taratibu, ukanuka karatasi, ukabaki jivu laini la kijivu, kalisugua kwa vidole likapotea. "Pamba hii, mwanangu." Akaligeuza gauni ndani nje, akapitisha kucha kwenye mshono wa ubavuni, umefungwa ndani kwa ndani hakuna uzi unaoning'inia. "Na aliyeshona anajua kazi."

Nilikasirika zaidi, mnaelewa? Nilitaka liwe baya.

Nikamuuliza na rangi je. Akacheka mpaka akakohoa. "Manjano ni ya mchuzi. Hata utie shabu, jua litaila tu. Kaanike kanzu."

Nikaanika. Siku ya kwanza hamna kitu, nikamtukana fundi moyoni. Siku ya pili lile jekundu nililokwisha kulisuuza likarudi njano, njano ikawa kama maziwa, na mume wangu kasali Idi na doa moja dogo begani ambalo hakuna aliyeliona ila mie, na nililitazama toka asubuhi mpaka jioni.

Gauni nalo limepauka. Rangi yake ilikuwa waja leo waondoka leo, Tanga kamili. Sasa lina rangi ya siagi, na sijui niseme nini, limekuwa zuri kuliko siku niliyolinunua. Nimelivaa kwenye arusi ya jirani wanawake wanne wameniuliza umenunua wapi, nikawaambia nimeletewa.

Nyota ngapi? Kwa gauni nne, kwa yule mama aliyeshona tano na ningependa kujua anabakiwa na shilingi ngapi kwenye ile 85,000 maana hilo halijaandikwa kwenye lebo. Kwa binti wa kaunta sina hata moja, na kama bosi anasoma hapa, ujue anakufukuzia watu.

Mie mguu wangu haukanyagi tena pale. Jumamosi namtuma mdogo wangu akaniulizie lile la kahawia lililokuwa dirishani, ila nimemkanya asiseme katumwa na nani.